Kabla ya Kumpigia Daktari

Tangu arudi kutoka Dar es Salaam, fundi cherehani wa barabara ya mpakani, hapa Tunduma, hatulii. Anashona pindo, analitazama, kisha analifumua ingawa limenyooka. Mteja akimsalimia, anaitikia huku mkono ukipapasa simu mfukoni. Kule hospitali, mayai yake yametungishwa kwa mbegu za mumewe, na viini vya mimba vimegandishwa vikisubiri jibu lake: vipimwe selimundu kabla ya kupandikizwa, au vipandikizwe hivyohivyo? Ugonjwa huo ndio uliomchukua binti yao, Tulinagwe, kabla hajaanza shule. Na daktari hakumficha: wakipima, huenda kisibaki hata kimoja cha kupandikiza.

Mchana mumewe alivuta kigoda, akaketi karibu na cherehani. “Mama Tulinagwe, kipimo hicho tungekipata zamani, mtoto wetu asingezaliwa.”

Mguu wa fundi ukasimama juu ya pedali. “Najua, Baba Tulinagwe. Nimeliwaza hilo mpaka kichwa kinaniuma. Lakini mifupa ilipokuwa inamkata, mimi ndiye niliyekuwa naulizwa, ‘Mama, nimekosa nini?’ Siwezi kumleta mwingine aje aniulize hivyo.”

Fundi akatoka nje, kwenye ngurumo za malori, akapiga simu.

“Pimeni, daktari,” alisema kwa sauti ambayo wateja wake hawaijui. “Ila vitakavyokutwa na ugonjwa, naomba msiniambie ni vingapi.”