Wino Mweusi Mdomoni mwa Bi Stumai

Bi Stumai wa Nandagala hatukani matusi ya nguoni. Naliweka hilo mbele kwa sababu ndilo lililoleta shughuli yote. Maneno makali anayo, na ukimpunja ufuta wake yatakusindikiza mpaka nyumbani kwako, lakini kwa miaka ishirini niliyomjua sijamsikia akitaja kitu cha aibu.

Analima ekari tatu za ufuta, na ana mikorosho aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kusoma hajui. Siku ya mnada huja na kigoda chake, akakaa karibu na mizani na kuikodolea macho kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Mimi naandika mabango ya maduka hapa Nachingwea, na si mtu wa maneno mengi. Nilipoombwa kuchora katuni kwenye ukurasa wa mwisho wa gazeti letu dogo, Mnada, picha nilikuwa nazo, ila maneno ya kuwatia watu midomoni sikuwa nayo. Nikaenda kuomba ya kwake.

"Nichore," alisema. "Lakini Adinani, maneno yangu usiyapunguze. Ukiyapunguza, huyo si mimi tena. Ni mtu mwingine kavaa kanga yangu."

Nikaahidi. Kwa miaka mitatu "Bi Stumai Mnadani" ilitoka kila baada ya wiki mbili, na watu wakazoea kulisoma gazeti wakianzia nyuma.

Mwaka jana, mwezi wa sita, nilimchora mpimaji akiliinua gunia kwa goti ili lionekane jepesi. Bi Stumai wa kwenye katuni alimwambia: "Mshenzi mkubwa wewe, uso kama bibo lililokanyagwa na mbuzi."

Mhariri wetu, Fidelis, ni mtu wa Bukoba, mpole, shati lake halina kunyanzi. Wiki hiyo alikuwa amepata barua ya mwalimu mmoja akilalamika kwamba gazeti linaingia darasani na watoto wameanza kuitana washenzi. Fidelis alinieleza njia tatu: tuweke nyota, tuweke nukta, au tupake wino.

"Wewe unaonaje?"

Nilitazama viatu vyangu. "Sawa tu," nikasema.

Gazeti likatoka. Mdomoni mwa Bi Stumai, mahali pa maneno, palikuwa na utepe mweusi, mrefu kama kidole.

"Sikujua tusi linaanzia wapi," Fidelis aliniambia, "nikafuta lote."

Basi kila msomaji akajaza la kwake. Pale stendi ya Ruangwa fundi baiskeli mmoja aliliinua gazeti juani asome kwa nyuma. Muuza chai akaapa kwamba ni tusi la mama. Fundi akakataa: la mama ni fupi, hili kwa urefu wake limepita ukoo mzima, shangazi wakiwemo.

Wangeishia kucheka. Lakini gazeti lilifika pia Matambarale kwa Mzee Rahimu, na mpwa wake Mustafa alikuwa ameshapeleka barua ya posa kwa Yasmini, mjukuu aliyelelewa na Bi Stumai tangu akiwa ananyonya. Mzee akatuma ujumbe kwamba jambo lisimame kwanza. Hawawezi, alisema, kuoa katika nyumba ambayo bibi yake anafunikwa mdomo gazetini.

Kesho yake Bi Stumai alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda changu. Hakunitukana. Hilo lilinitisha kuliko tusi lolote.

"Nilikuambia usiyapunguze."

"Ndiyo, mama."

"Umeyapunguza, yameongezeka. Jumapili tunakwenda Matambarale. Chukua ile karatasi uliyochora kwa mkono wako. Na huyo mwenye wino naye aje."

Tukaenda watatu. Tukaketishwa mkekani mbele ya wazee wa ukoo, na hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa sababu mbele ya wakwe Bi Stumai hawezi kutamka maneno kama yale. Alijifunika ushungi, akainama. Nikamtazama Fidelis. Naye akanong'ona kwamba yeye ni mgeni, itaonekana vibaya.

Nikafungua karatasi. Nikasoma kwa sauti ya chini.

"Sauti, bwana," alisema Mzee Rahimu. "Hapa si msibani."

Nikasoma tena, kwa nguvu mno safari hii, mpaka kuku wakatoka uani.

Mzee alinyoosha mkono, akaipokea karatasi, akasoma mwenyewe, kisha akaigeuza kutazama nyuma.

"Hayo tu?"

"Hayo tu, mzee."

"Uso kama bibo?"

"Lililokanyagwa na mbuzi," mkewe alimalizia kutoka chumbani, na kicheko kikaanzia huko.

Mzee Rahimu alikuna kidevu. "Mimi nilikuwa nimeweka mengine kabisa."

Bi Stumai hakuinua uso. "Hayo mengine ni yako, mkwe," alisema taratibu. "Mimi sikuyasema."

Mke wa mzee alicheka mpaka akaja kujifutia machozi mlangoni. Mzee akasema posa iendelee, siku ileile.

Toleo lililofuata Fidelis aliichapa katuni upya, maneno yote yakisomeka, na yule mwalimu aliyelalamika, Fidelis akamwandikia barua kumweleza. Siku hizi kabla ya kuchapa huniuliza kama tufute, nami humjibu hapana, huku nikimtazama usoni. Yule fundi baiskeli wa Ruangwa mpaka leo haamini. Anasema tumelainisha.

Yasmini aliolewa baada ya msimu wa korosho. Bi Stumai alikaa na wakwe tangu asubuhi, mpole kama maji ya mtungi, hata wapishi walipounguza sufuria nzima ya pilau mbele ya macho yake. Wageni walipoanza kuaga alinivuta nyuma ya nyumba.

"Una kalamu?"

"Ninayo, mama."

"Andika upesi. Yamenijaa tangu saa nne."