Shavu la Kulia la Baba

Baba yangu alinishika mkono wenye wembe, akauvuta kuelekea shingoni kwake.

Sikuona vibaya. Aliuvuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, nami nikapiga yowe mpaka jirani akaacha kufua.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Baba ni kinyozi. Kinyozi wa wembe wa kukunja, ule wa zamani unaonolewa kwenye mkanda wa ngozi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini huyu wetu alijinyoa kila asubuhi. Hatukuwahi kumwona na ndevu, hata siku tuliyomzika mama.

Kiharusi kilimpiga akiwa kazini, mteja yuko kitini na povu usoni. Upande wote wa kulia ukafa: mkono, mguu, shavu. Ulimi nao ukagoma. Mtu aliyekuwa akipiga soga tangu anafungua saluni mpaka anafunga, akabaki na "eeh" tu.

Ndevu zikaota. Nyeupe, za hovyohovyo, supu inanasa humo. Siku moja akajiona kwenye kioo cha kabati, akageuzia uso ukutani, na kuanzia hapo kijiko hakikupita mdomoni.

Daktari hakutuficha. Asipokula, hatufiki mbali.

Kaka yangu mkubwa akaleta mashine ya umeme. Baba akaipiga kofi kwa ule mkono mzima, ikatumbukia kwenye beseni.

"Mzee ana kiburi huyu, hata kitandani!" kaka akafoka.

Mimi nikatoa wembe wake wa kukunja, nikamwonyesha. Akatulia. Akautazama wembe, akanitazama mimi.

Hapo nikajua nimejitakia makubwa. Mimi ni mshonaji jamani. Wembe naujua ule wa kukatia nyuzi.

Nikaenda saluni kwa Kipara. Huyu alifundishwa kazi na baba, na sasa ndiye aliyekuwa akiishikilia saluni.

"Dada, kazi hii watu hujifunza miezi," akaniambia.

"Mimi sina miezi, kaka. Mzee hali chakula."

Hakubishana. Akapuliza puto, akalipaka povu, akanipa wembe.

"Nyoa hilo. Likipasuka, umemchinja mteja."

Niliwachinja wengi siku ile. Wateja wa kweli waliokuwa wakisubiri zamu wakaanza kusogeza viti, mmoja akakumbuka ana safari.

"Ulaze wembe, usiusimamishe," Kipara alinielekeza. "Vuta ngozi kwa mkono mwingine. Halafu usiogope. Mkono unaoogopa ndio unaokata."

Puto la mwisho likabaki zima. Nikarudi nyumbani najiona fundi.

Wee! Puto halishtuki. Puto halikutazami machoni.

Nilianzia shavu la kushoto, lile zima, kwa sababu ndilo lililokuwa upande wa dirisha. Mkwaruzo wa kwanza, baba akashtuka. Tone la damu likatokea kwenye povu. Nikajaribu tena, akashtuka tena, mkono wangu ukaanza kutetemeka.

Ndipo mkono wake wa kushoto ulipotoka kwenye shuka, ukanikamata, ukauvuta wembe kupita kidevuni kwenda upande wa pili, kule kwenye taya na shingo.

Nikapiga lile yowe. Wembe ukaanguka.

Kaka akaingia mbio. "Kuna nini?"

"Ameuvuta," nikasema. "Ameuvuta wembe mwenyewe."

Kaka akasema kwa sauti ndogo, "Anataka kufa huyu."

Akauokota wembe, akaufungia kwenye gari lake. Akabeba na visu vya jikoni vyote. Tukawa tunaazima kisu kwa jirani kukata vitunguu.

Nilikaa pembeni ya kitanda, nikamuuliza, "Baba, umetuchoka?"

"Eeh," akasema.

Lakini "eeh" ndilo lilikuwa jibu lake la kila kitu. Ungemuuliza kama yeye ni mwanamke, angesema "eeh". Sikujua nishike lipi. Nililia kama mtoto, na sahani yake ya supu ikapoa pale pale.

Kesho yake nikaenda kumwambia Kipara kwamba mambo ya kunyoa yameisha. Nikamweleza yote.

Akazima mashine aliyokuwa ameshika, mteja kichwa nusu.

"Alikuvuta upande gani?"

"Kulia. Ule uliokufa."

"Na wewe ulikuwa unatetemeka?"

"Sana."

Kipara akakaa kwenye kiti cha wateja, akafuta uso kwa taulo.

"Dada, unajua sisi alitufundishaje? Puto ni siku ya kwanza tu. Siku ya pili alikaa mwenyewe kwenye kiti hiki, akasema haya, ninyoeni. Ukitetemeka, anakushika mkono anauvuta usoni kwake. Hakuna aliyepita hapa asiyemkata. Anauma meno, anakwambia endelea, siumii. Muongo yule! Alikuwa anaumia."

Akalitundika taulo begani.

"Safari hii ndiyo kweli haumii. Kwa hiyo anakupa hilo shavu ujifunzie."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Kaka hakutaka kusikia. "Na ukikosea?"

"Nikikosea, utakuwa umesimama hapo hapo. Lete wembe."

Akauleta. Akasimama na taulo mkononi, jasho linamtoka kuliko mimi.

Safari hii nikaanzia kulia. Baba akanishika kifundo cha mkono, taratibu tu, na macho yake yakaufuata wembe kama bosi anayesimamia kazi. Nikamkata chini ya taya. Kaka akageukia ukutani. Baba hata kope hakupepesa. Nikamkata tena karibu na sikio, naye akanibana mkono: endelea.

Nilipomaliza upande ule, mkono wangu ulikuwa umetulia. Nikahamia kushoto, kule anakosikia maumivu. Hakushtuka hata mara moja.

Nikampaka shabu, lile jiwe la kuzuia damu, nikamletea kioo. Akajitazama sana. Akapitisha vidole shavuni, akaona damu. Nusu ya mdomo wake ikapanda.

"Te..." akasema. Akameza mate. "Tena."

Neno lake la kwanza tangu augue. Kaka, ambaye hakulia hata msibani kwa mama, ndiye aliyekimbilia jikoni kuleta supu huku akifuta machozi na lile taulo lenye povu. Baba aliimaliza.

Bado hatembei, na sidhani kama atarudi saluni. Zipo siku namwogopea mpaka silali. Lakini nyie mnaouguza, sikieni: kabla hamjasema mgonjwa wenu amekata tamaa, kaulizeni kwanza kwa watu aliofanya nao kazi. Sisi tulimjua baba wa nyumbani tu. Karibu tumuue kwa njaa huku tukimlinda.

Shavu lake la kulia lina makovu yangu mawili. Kila nikimnyoa, naanzia hapo.