Msalaba wa Chaki kwenye Gurudumu

Ukitaka kucheka, cheka sasa, umalize kabla sijaanza. Mimi nauza maharage Misiera, huku kambini kwa wakimbizi, sinywi pombe, wala sina muda wa kutunga uongo. Haya niliyaona kwa macho haya mawili pale Kabingo, mwaka 2009, saa moja asubuhi, jua limeshatoka. Nani alikwambia wafu hutembea usiku tu?

Tulikuwa juu ya lori la mahindi, tukielekea Mbarara, mimi na binti yangu Furaha, miaka sita. Jicho lake moja lilikuwa limefunikwa na utando mweupe, na daktari alikuwa ametupangia siku hiyo ya kumpasua. Tukiikosa, tungengoja tena miezi, na jicho lenyewe halikuwa la kungojwa. Kwa hiyo Rajabu, dereva wetu, aliposimama kunywa chai, nilimlaani kimoyomoyo.

Ndipo nikasikia: ting! Kimya. Ting! Nikachungulia chini. Mzee mmoja, ovaroli la buluu lililopauka, alikuwa akilizunguka lori na kugonga vyuma vya magurudumu kwa nyundo ya mpini mrefu. Kila akigonga, anainamisha kichwa, anasikiliza. Ugongaji ule ninaujua.

Wakati wa Wabelgiji, babu yangu alikuwa fundi katika karakana ya reli kando ya Ziwa Tanganyika, kwetu Kongo. Wenyewe waliiita atelie. Mabehewa ya watu na ya mizigo yaliletwa pale kutengenezwa, na kazi ya babu ilikuwa kugonga magurudumu. Chuma kizima kinalia. Chenye ufa kinatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Akikuta ufa, anachora msalaba wa chaki, na behewa haliondoki mpaka yeye mwenyewe aufute. Siku moja mkubwa wake, Mzungu mwenye haraka, alitoa leso akaufuta msalaba, akaamuru behewa lifungwe kwenye treni. Lilijaa wafanyakazi na familia zao. Hawakufika. Babu alikuwa amenyamaza kwa kuogopa kiboko, na kunyamaza huko kulimtafuna mpaka kaburini. Nilikuwa msichana mdogo alipokufa. Neno lake la mwisho: "Ningekaa mbele ya ile gurudumu."

Sasa sikiliza. Gurudumu la nyuma la kulia halikulia. Lilitoa sauti ya chungu. Mzee akachomoa chaki, akachora msalaba, akainua uso. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole cha shahada, na babu aliacha chake kwenye mashine ya atelie.

"Iyi haitoke, mama," akaniambia. "Mara hii usibaache bafute."

Nilishuka mbio, mtoto mgongoni. Hakuna mzee. Wauza ndizi waliokaa pale pale hawakuona mtu. Lakini msalaba ulikuwepo, mweupe kabisa.

Rajabu akaja, meno bado yana mandazi. "Mama, ni wewe ulikuwa nagonga gari yangu? Mimi nasikia mpaka ndani." Akauona msalaba. "Nani naandika kwa gari ya watu?" Akatoa kitambaa.

"Usifute!" Nikakaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye tairi, Furaha mapajani. "Iyi gari haiende. Ukifuta, utapita juu yetu."

Abiria wenzetu wa juu ya mahindi walinitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia. Na mimi, niamini, nilijua kwamba ninalitupa jicho la mwanangu. Niliogopa, nikalia, lakini sikuinuka.

Rajabu, ili tu kuwaonyesha watu ujinga wangu, akaleta spana. Nati ya kwanza ilitoka na kipande cha bolti. Ya pili vilevile. Bolti tano zilikuwa zimekatikia ndani, zimeshikwa na kutu tu, na mbele yetu kulikuwa na mteremko. Rajabu alikaa kando yangu kwenye vumbi lilelile.

"Mama," akasema polepole, "sisi tulikuwa tumekufa tayari."

Wale walionitukana sasa walinikumbatia. Rajabu akasimamisha gari la jeshi lililokuwa likienda Makenke, kambi yao ya pale Mbarara, akatuombea nafasi. Tulifika hospitali tumechelewa, na daktari naye, Mungu ambariki, alikuwa amechelewa! Furaha alipasuliwa mchana ule. Leo ndiye anayenichagulia maharage, na hata haragwe dogo lililotobolewa na wadudu halimpiti. Moyo wangu ulitua, haujapanda tena. Zamani babu alikuwa akinijia ndotoni, ameketi, hasemi kitu. Tangu siku ile hajaja.

Bado kitu kimoja. Wiki iliyofuata Rajabu alinijia dukani. Akaniambia kwamba alipomaliza kufunga bolti mpya aliogopa kuugusa ule msalaba, akaenda kunawa mikono kwanza. Akiwa huko akasikia pigo moja, ting, safi kabisa. Aliporudi, msalaba haupo. Tangu hapo haondoki popote kabla hajagonga magurudumu yote na kusikiliza.

Basi na wewe, ukikuta msalaba wa chaki kwenye gurudumu, rudisha kitambaa mfukoni. Shusha mtoto wako, mkae chini, mngoje. Mwenye chaki atarudi kuufuta mwenyewe.