Mmea Uliogoma Kumwamkia Mwalimu wa Nidhamu

Mwalimu wa nidhamu alinipa sharti mlangoni mwa basi: "Nikusikie na utani wako huko chuo kikuu, unarudi humu unakaa peke yako mpaka tuondoke."

"Sawa, mwalimu," nikajibu kwa unyenyekevu wa kutisha. Nilikuwa nimetoka Iramba kwa ajili ya kitu kimoja tu, mmea unaokula nzi, na tuliambiwa uko mwisho kabisa wa kitalu nyumba, ile nyumba yao ya nailoni ya kukuzia mimea.

Humo ndani joto lilikuwa la kuivisha maharage. Kulikuwa na okidi zinazoning'inia bila udongo, na mnyaa, ule ule tunaozungushia zizi nyumbani, umekaa kwenye chungu na kibao cha jina la Kilatini kama mgeni rasmi. Nikanyamaza. Iliniuma, lakini nikanyamaza.

Katikati tukakuta mmea mdogo ambao ukiugusa unakunja majani na kuinama. Hapo nikashindwa. Nikawanong'oneza madogo wa kidato cha kwanza, ambao shuleni hakuna kiumbe anayewaamkia: "Huu una adabu. Uguse, unakupa shikamoo."

Wakaugusa. Ukainama.

"Marahaba!"

Foleni ikapangwa. "Marahaba, mwanangu!" "Marahaba, wazazi hawajambo?" Mpaka mmea mzima ukalala.

Ndipo mwalimu akatokea. "Kuna nini?"

"Unaamkia wakubwa, mwalimu," dogo mmoja akasema.

Akaugusa. Kimya. Akagusa tawi jingine. Hakuna jani lililotikisika. Huyu ni mtu ambaye usipomwamkia unadeki choo wiki nzima.

"Mbona mimi hauniamkii?"

Madogo wote wakanigeukia. Wasaliti.

"Mmea bado umeinama, mwalimu," nikasema. "Hauwezi kuamkia tena kabla haujainuka."

Nilijua nimekwisha. Lakini akakunja mikono, akasubiri. Wenzangu wakaruhusiwa kuendelea, mimi akanibakiza. Kutoka kule mwisho nikasikia, "Kameza! Kameza nzi!" Na mimi nimesimama, nangoja majani yaamke.

Yakafunguka taratibu. Mwalimu akaweka kola sawa, akanyoosha kidole. Upande aliougusa ukainama mpaka chini.

"Marahaba," akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia. Kisha akakumbuka nipo. "Na wewe, kwenye basi!"

Mmea wa nzi nilisimuliwa tu. Ila nilipokuwa nazunguka nje kuelekea kwenye basi, kupitia ile nailoni ya ukutani nilimwona mwalimu: peke yake, ameinama, anaugusa ule wa shikamoo upande wa pili.