Redio ya Hatari ya Shemeji Onesphory

Msinitajie Onesphory kama mnataka nile chakula changu kwa amani. Ni shemeji yangu, mume wa dada yangu Candida. Duka lake la vyombo lilikuwa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na wengi wenu mlinunua sufuria humo. Nyie mlimjua dukani. Mimi nilikaa nyumbani kwake Ilala, nikamjua yeye na kabati lake.

Kitu cha bei kwa Onesphory hakitumiki. Chupa ya chai ya Kichina, kabatini. Sahani za harusi yao, kabatini, sisi tunakula kwenye za bati. Makochi hayakuvuliwa nailoni ya dukani, ukikaa na joto lile la Dar unanyanyuka umelowa. Mgeni akija anaonyeshwa, halafu funguo zinarudi mfukoni.

Miaka ile sisi tunapanga foleni ya sabuni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, yeye akanunua boti ya starehe kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Balozi wa nyumba kumi, jicho la chama mtaani, akaambiwa ni ya uvuvi. Uvuvi gani! Kila Jumapili baada ya misa ni kreti la bia, nyama, na kisiwa cha Mbudya. Mtu wa mlimani, kuogelea hajui, anajiita kapteni. Aliyeshika mashine ni mdogo wetu Aristides, muuzaji wake dukani, kwa sababu yeye angalau alijifunza kuogelea huko jeshini, JKT.

Nikawa nampigia kelele: mkipata shida huko mnaita watu na nini? Girish, jirani yake wa dukani, naye ana boti, akamweleza habari ya redio ya hatari. Inakaa ndani ya boti. Ukivuta kipini inaita yenyewe, marubani wanaisikia. Bei yake sasa! Ilikaribia bei ya boti yenyewe. Onesphory alinuna wiki nzima, mwisho akainunua, na mimi mjinga nikamshukuru.

Jumapili iliyofuata naikuta wapi? Kabatini. Rangi ya chungwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Shemeji, hii si ya boti?"

"Unajua bei yake wewe? Niipeleke ikaliwe na chumvi?"

Hata Girish alimwambia, "Bwana Onesphory, hii siyo sahani." Akacheka tu. Nilimchukia kwa kile kicheko, na bado namchukia.

Basi Jumapili moja wakaondoka, yeye na Aristides, hawakurudi. Jumatatu asubuhi Candida analia, tumezunguka ufukwe mzima kuuliza, hakuna aliyewaona. Nikarudi nyumbani, nikachukua mchi, nikavunja kioo cha kabati. Nikavuta kipini. Taa ikaanza kuwaka na kuzima, nikaiweka uani juu ya pipa ipate kuona mbingu. Mimi nilijua redio ni ya boti ile, basi popote ilipo itaiitia msaada boti ile.

Mchana mafundi wawili wa uwanja wa ndege wakaingia uani, mmoja ana antena mkononi, wameufuata mlio wa redio, wamesimama katikati ya kanga zilizoanikwa.

"Mama, nani anazama hapa?"

Nikawaeleza. Yule wa antena akaitazama redio, akanitazama mimi. "Ingekuwa kwenye boti," akasema, "tungewafuata huko huko tangu jana." Wakakimbia kwenda kutoa taarifa bandarini. Mimi nikaiingiza redio ndani, nikaiweka mezani, kuizima sijui.

Hawakuwahi. Jioni wavuvi wa Kunduchi walimleta Onesphory, midomo imempasuka, amejifunga shuka ya watu. Mashine iliwazimikia, wakachukuliwa na maji. Candida akamrukia shingoni. Mimi natazama mlangoni nyuma yake, simwoni mtu mwingine.

"Aristides yuko wapi?"

Ameshaona vioo chini.

"Nani kavunja kabati langu?" Akaiona redio mezani, taa inawaka na kuzima. Akaivamia. "Nani kavuta kipini? Betri yake ni ya mara moja tu! Mnajua bei yake nyie?"

"Onesphory! Mdogo wangu yuko wapi?"

Akaanza kukifuta kile kitu kwa pembe ya shuka, hanitazami.

"Alijitosa jana, shemeji," akasema. "Alikwenda kuita watu."