Mathe wa Kona ya Kaiyaba

Wewe unayejiandaa kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho, sijaonja hata soda, na watu wamejaa pale wananitazama. Nimechoka kuambiwa ati ni joto la helmeti. Nimechoka kuambiwa nilikuwa na njaa. Nani huona mwanamke mzee kwa sababu ya njaa?

Kwanza ujue kazi yangu, maana usipoielewa kazi yangu hutaelewa uchungu wangu. Mimi ni dereva wa gari la mkate. Kabla jua halijatoka nimeshaondoka Nakuru, napanda Salgaa, Sachangwan, mpaka Molo, na njia nzima ni kusimama. Simama kwa duka hili, shusha kreti. Simama kwa kibanda kile, shusha kreti. Hata pasipo na duka utakuta mathe, mama wa watu, kando ya barabara amenyoosha mkono: "Kijana, nibebe tu hapo mbele." Kampuni imekataza abiria, imeandika hadi kwenye mlango, lakini mathe hasomi mlango. Gari langu halijawahi kukaa kwenye gia ya mwisho hata nikamaliza kupiga chafya. Kwa hiyo miaka hiyo yote nilikuwa na ndoto moja, na wala si kubwa: niendeshe gari la mbio, kwenye barabara ya mbio, mahali ambapo hakuna binadamu anayeweza kuniambia nisimame.

Sasa, kuna fundi mmoja anaitwa Sammy. Huwa napita gereji yake nikirudi na kreti tupu, na yeye ndiye aliyenibatiza jina la Mkate. Ana gari lake la mbio ambalo amelitoa kila kitu ili liwe jepesi. Hakuna mazulia, hakuna redio, na kiti ni kimoja tu, cha dereva. Kwingine ni bati tupu na vyuma vya kuzuia paa lisibondeke. Sammy akatangaza kwamba Jumamosi atatupeleka sisi watu wa kawaida kwenye kiwanja cha mbio kule upande wa Rongai, kila mmoja ajaribu, na atakayewashinda wenzake kwa kasi ndiye atakayemwendeshea gari hilo kwenye mashindano ya mwisho wa mwaka. Nafasi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Muulize mke wangu Nekesa. Wiki nzima nilikuwa nabadilisha gia usingizini kwa kutumia goti lake.

Kiwanja chenyewe zamani kilikuwa shamba la ngano, na kabla ya ngano wanasema palikuwa na maboma ya watu. Kimebaki kipande kimoja cha ua wa kaiyaba, ule wa miiba mirefu, kwenye kona ya nyuma ambayo huoni kinachokuja. Katikati ya ua huo kuna pengo, kama palipokuwa na geti. Sammy alituzungusha hapo kwa miguu kabla hatujaanza.

"Hapa," akasema, "hata ukiona babako amelala barabarani, usisimame. Mwenye yuko nyuma hakuoni. Atakuingilia huko mgongoni na tutawazika wote wawili."

"Mimi nisimame?" nikamwambia. "Boss, nimekuja hapa kupumzika hiyo mambo ya kusimama."

Wakacheka wote. Nilicheka pia, mjinga mimi.

Zamu yangu ilifika jua likiwa limeshaanza kushuka, na nyuma yangu akaachiliwa mwenzangu mmoja na gari la buluu la kuazima. Helmeti inabana masikio, mikanda inabana mpaka pumzi, injini inanguruma hadi meno yanawasha. Nikatoka. Jameni! Gia ya pili, ya tatu, ya nne, na hakuna duka! Hakuna kreti! Niliimba. Mungu ananiona, niliimba ndani ya helmeti kama niko kwaya.

Nikaingia kona ya kaiyaba mara ya kwanza, nikatoka salama, na hapo nikasikia mtu anagonga paa kwa ndani. Unajua vile abiria hugonga bodi akitaka kushuka? Hivyo hivyo. Ko, ko.

"Kijana, shukisha hapo."

Nikageuka. Alikuwa ameketi pale pasipo na kiti. Mwanamke mzee, amekalia debe lililopinduliwa, leso mabegani, viatu vya gambuti vina tope, na mkono mmoja umeshika chuma cha paa kama mtu aliyezoea safari. Harufu ya moshi wa kuni ilijaa ndani. Hakuwa na kwato wala macho ya kuwaka, usinitilie maneno mdomoni. Alikuwa mathe tu, wale wale wa kila siku. Na injini ilivyokuwa inapiga kelele, sauti yake niliisikia kama tuko jikoni. Unajua nilihisi nini? Si woga. Woga ulikuja baadaye. Nilikasirika! Hata hapa? Kweli, hata hapa?

"Mathe, umeingilia wapi?"

"Umenipitisha," akasema. "Ni pale kwa kaiyaba. Kwa geti yangu."

"Hapa hakuna kushuka! Hii ni gari ya mashindano!"

"Sawa. Basi ukirudi."

Ukirudi! Kama niko njia ya Molo! Nikakanyaga mafuta. Sikuwa na wakati wa kuogopa, kwa sababu kwenye kioo niliona gari la buluu la mwenzangu limenikaribia, na mathe naye hakunyamaza. "Hizi taya tumeziona," akasema tulipopita tairi kuukuu zilizopangwa kando. Tukizunguka tena: "Huyu mtu wa bendera tumempita." Tena: "Kijana, umepotea? Hakuna aibu, si uulize watu njia." Na kila tukifika kaiyaba, ko, ko, ko. "Shukisha. Ni hapa. Shukisha." Nikimpita anasonya. Mimi nimengoja siku hiyo maisha yangu yote, na nimeletewa mtu wa kunisonya.

Na hasira ile, nakuambia, ilinifanya niendeshe kama sijawahi kuendesha. Kona nilizokuwa naogopa nilizikata bila kufikiria. Nilikuwa namkimbia mtu aliye ndani ya gari langu mwenyewe.

Mzunguko wa mwisho ndio uliobadilika. Hakugonga. Alinigusa mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kama maji ya asubuhi kule Molo.

"Kijana," akasema polepole, "jua linaingia. Wameniwekea chakula. Wakishafunga geti na kulala, hawasikii tena. Tafadhali nishukishe."

Hapo roho iliniuma. Mguu wenyewe ulienda kwenye breki, sikuutuma. Halafu nikaona gari la buluu kwenye kioo, nikakumbuka maneno ya Sammy, nikakumbuka nafasi yangu, nikaurudisha mguu kwenye mafuta. Sasa niambie, na useme ukweli, wewe ungesimama? Kwenye kona hiyo? Ungemuua mwenzako kwa sababu ya mtu aliyekalia debe? Nilipita. Mathe hakusonya. Aligeuka akalitazama lile pengo kupitia dirisha la nyuma mpaka likapotea, na nilipovuka mstari wa mwisho hakuwepo tena.

Sammy alikuja akikimbia na kuruka. "Mkate! Mkate! Umewapiga wote!" Watu wakanivuta nje, wakanibeba juu. Halafu Sammy akaingiza kichwa ndani ya gari.

"Nani ameleta matope kwa gari yangu?"

Kwenye bati, pale pasipo na kiti, kulikuwa na alama za gambuti mbili na duara la debe. Sammy akatazama viatu vyangu. Visafi. Akanigombeza hata hivyo, mbele ya watu wote, na siku niliyoshinda kitu kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliimaliza nimepiga magoti, napanguza tope na kitambaa. Ningemwambia nini? Ati kulikuwa na abiria?

Watu walipoondoka nikaenda kwa gari langu la mkate. Nikafungua mlango. Alikuwa ameketi upande wa abiria, debe mapajani.

Hapo sasa woga ulikuja, na ulikuja wote pamoja. Lakini nikajikaza, nikasema, "Mathe, kazi yangu imeisha. Sasa nakupeleka." Nikaendesha polepole kwenye barabara ile tupu mpaka kona ya kaiyaba, nikasimama, nikawasha indiketa zote mbili, nikazunguka nikamfungulia mlango kama bibi harusi. Mataa yalimulika pengo. Nyuma yake kulikuwa na nyasi na giza, basi.

Alitazama lile pengo. "Giza imeingia," akasema. "Wamefunga. Sasa nani atanifungulia?"

"Mathe, hapo hakuna hata geti!" nikapiga kelele. "Hakuna watu! Hakuna nyumba! Shuka uende!"

Akanigeukia bila hasira yoyote. "Basi hata wewe umeona," akasema. "Twende kwako."

Na tukaenda. Ungefanya nini, umsukume?

Mashindano ya mwisho wa mwaka yalifika, nikaketi kwenye lile gari, na yeye akaketi na debe lake. Gari likawa zito kama linavuta trekta. Sammy alibadilisha plagi, alibadilisha tairi, alikagua breki kama zimeshika. Nilimaliza wa mwisho kabisa, nyuma ya gari lililokuwa linatoa moshi. Nafasi yangu akapewa mwingine. Kwenye gari la mkate mathe aliniuliza kila kituo, "Ni hapa?" Nikasema, "Siyo hapa, mathe." Akasema, "Haya, endelea." Nakuru mpaka Molo, kila duka, kila siku! Nilileta pasta wa kanisa nyumbani. Aliomba kwa sauti mpaka majirani wakajiunga, na alipomaliza, mathe ndiye aliyeitikia amina kwa nguvu kuliko sisi wote. Nekesa hamwoni, lakini amekuwa akiniuliza kwa nini jikoni kunanuka moshi wa kuni, na sisi tunapikia gesi.

Halafu asubuhi moja nikaingia kwa gari, na kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Nilikipapasa kwa mkono. Kitupu. Nilipiga honi peke yangu pale nje kama mwendawazimu. Siku hiyo nilisimama kila duka na furaha, nikawachekea hata wale wenye kurudisha mkate wa jana.

Jioni lori lilianguka juu ya Salgaa, barabara ikafungwa, nikafika nyumbani nimechelewa vibaya. Taa zimezimwa. Nekesa akilala amelala, na huwa anafunga komeo kwa ndani. Nikainua mkono nibishe mlango, na kabla sijabisha nikasikia komeo linavutwa.

Mlango ukafunguka. Debe lilikuwa hapo nyuma yake, na mathe amelikalia, leso mabegani, kama mtu aliyekaa hapo tangu jua lizame.

"Umefika," akasema. "Chakula kiko."

Na kweli kilikuwa mezani, kimefunikwa. Asubuhi Nekesa aliniapia kwamba hakuamka, wala hakunifungulia. Mimi usiku ule nilisimama pale mlangoni nikalia, mtu mzima, koti bado mwilini. Afadhali angeninyonga. Afadhali angenitia wazimu nipelekwe mahali. Yeye hajafunguliwa na mtu, na amekataa kulala mpaka anifungulie mimi. Na ni hivyo hivyo kila nikichelewa, mpaka leo.

Kwa hiyo wewe unayeendesha, iwe ni gari la mbio, iwe ni pikipiki, iwe ni mkokoteni wa punda, mtu akigonga akakuambia shukisha, mshukishe. Usinieleze habari ya kona, usinieleze nani yuko nyuma yako. Hayo yote mimi nayajua, na nilikuwa na haki, na Sammy atakuambia nilikuwa na haki. Tafuta namna. Maana mimi sasa nimemaliza duka la mwisho, giza limeshaingia, na huko nyumbani kuna mathe wa watu hajalala, anangoja nifike.