Sabuni ya Majivu

Mwanzoni mwa miaka ya themanini sabuni ilipotea madukani. Duka la ushirika la kijiji chetu, upande wa Ushirombo, lilibaki na rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Tukafulia majani ya mpapai. Ndipo akina mama wachache tuliokuwa tukisali pamoja tulipoamua kurudia kazi waliyoijua bibi zetu: kuchuja maji ya majivu na kuyachemsha pamoja na mafuta ya ng'ombe mpaka yawe sabuni.

Ilitoka nyeusi, laini kama ugali uliokosa unga. Kijijini kila aliyeichukua aliisifu, na sisi tukaamini sifa zote. Mjane mmoja mwenye sauti kubwa ndiye aliyetuongoza. Tulimwita Mwenyekiti hata kabla hatujamchagua.

Siku moja bibi maendeleo, mtumishi wa serikali aliyeshughulikia vikundi vya akina mama, alipita, akainusa ile sabuni, akasema, "Mwezi wa saba kuna maonyesho Shinyanga. Ipelekeni."

Nilipomweleza mume wangu alicheka. "Ng'ombe anaonyeshwa. Pamba inaonyeshwa. Sabuni ni ya kufulia, mama. Watu watasimama waitazame tu?"

Nilimwambia viongozi ndio wanajua. Moyoni nilikuwa na swali hilohilo.

Tulisafiri watatu, juu ya lori la pamba: Mwenyekiti, mimi, na jirani yangu aliyekuwa na mtoto mgongoni. Sabuni tuliifunga kwa majani ya mgomba, tukaitia ndani ya madebe. Tulifika Shinyanga tumejaa vumbi hadi kwenye kope.

Uwanjani tulipewa meza moja, bila paa. Upande wa kushoto kulikuwa na banda la kiwanda kikubwa cha sabuni, limepakwa rangi ya buluu, lina maua ya karatasi na kabati la kioo. Ndani ya kioo ilipangwa miche ya sabuni iliyonyooka, kila mmoja na muhuri wake. Nikatazama vibonge vyetu vyeusi, nikatamani kuvifunika kwa khanga.

"Usifunike," Mwenyekiti akaniambia. "Hatukuja kujificha."

Asubuhi ile hakuna aliyesimama kwetu. Watu walimiminika kwa jirani. Lakini baada ya muda tukasikia kelele. Mama mmoja alikuwa amelishika lile kabati la kioo kwa mikono miwili.

"Niuzie hata mche mmoja!"

"Hizi ni za maonyesho tu, mama," alijibu mtu wa kiwanda, mwanamume wa makamo aliyevaa tai. "Haziuzwi."

"Na za kuuza ziko wapi?"

Hazikuwapo. Mafuta hayakufika kiwandani, mashine zilikuwa zimesimama, na yeye alitumwa kuja kusimama mbele ya kioo. Alijifuta jasho, kisha akanyoosha mkono kwenye meza yetu. "Waulizeni hao akina mama. Wao wanayo."

Wakahamia kwetu wote kwa pamoja. Walishika, walinusa, wakakunja nyuso. "Inanuka zizi," mmoja akasema, na wenzake wakacheka. Jua lilikuwa limepanda na vibonge vilianza kulegea, vikinata vidoleni. Jirani yangu aliinama kumtengeneza mtoto mgongoni, ingawa mtoto alikuwa ametulia.

Mwanamke mmoja hakucheka. Alikuwa mama ntilie, anawapikia wachimbaji wa dhahabu upande wa Geita. Aliomba maji, akachukua sufuria yetu ya kupikia iliyojaa masizi, akaisugua pale pale chini.

"Mwangaluka, mama," alimsalimia Mwenyekiti kwa Kisukuma, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Nawaambia ukweli. Masizi inatoa, hata mafuta inatoa. Lakini inanuka, na inayeyuka mkononi kabla sijamaliza sahani. Mkiikaza, mimi nitachukua debe zima, na wenzangu kule machimboni watachukua."

Nilikasirika. Mtu hajatujua hata saa moja, anatukosoa mbele ya watu! Ila Mwenyekiti alimwambia, "Wabeja, mama," yaani ahsante, tena kwa dhati, akamvutia kigoda akae.

Jioni, watu walipopungua, yule mtu wa kiwanda alikuja mezani kwetu amelegeza tai. Nadhani alichoka kulinda kioo.

"Chumvi mnaweka?" akauliza.

"Chumvi kwenye sabuni, ndugu?"

"Ikishaiva, ikiwa bado motoni, mwagieni chumvi nyingi. Sabuni itapanda juu na maji machafu yatabaki chini. Iengueni, muiache ikauke kivulini. Itakaza."

Mwenyekiti alimtaka arudie, akarudia bila kuchoka. Uso wa yule bwana ulichangamka kwa mara ya kwanza siku ile.

Waamuzi walipita siku ya kufunga. Zawadi ya banda bora ilikwenda kwa kiwanda. Mwenye tai alipokea kikombe huku akitutazama kwa aibu, nasi tukampigia makofi kweli kweli.

Nyumbani tulijaribu. Mara ya kwanza ilikatikakatika kama udongo mkavu. Mara ya pili tulipunguza chumvi, tukachemshia na mchaichai kupunguza harufu, ikakaza. Tulimpelekea mama ntilie debe lake kwa dereva wa lori, naye akatuma salamu kwamba tulete mengine. Kwa miaka kadhaa wachimbaji wale walioga kwa sabuni yetu.

Baadaye maduka yalijaa tena, sabuni za kila rangi zikaingia, na kikundi kikafifia. Mjane wetu akahamia kwa mwanawe.

Nimelifikiria sana lile neno la mume wangu, watu kusimama na kutazama tu. Tulichouza siku zile hakikujaza hata debe. Lakini kijijini nani angetuambia kwamba sabuni yetu inanuka? Wote walikuwa majirani, ndugu, wasimamizi wa ubatizo wa watoto wetu. Walitupenda, na sabuni nyingine hawakuwa nayo, basi wakasifu. Mgeni hana sababu ya kusifu. Na yule fundi mwenye tai, angekuwa kiwandani kwake, tungemfikiaje kumuuliza? Mlinzi wa getini angeturudisha. Pale uwanjani alikaa hatua chache kutoka kwetu, hana kazi, ana hamu ya kuzungumza.

Mwaka uliofuata tuliporudi Shinyanga, mimi ndiye niliyekuwa nikiwavuta wapita njia kwa mkono. "Njoo unuse," niliwaambia. "Sema ubaya wake."